Rimoti ya Bi Kaltuma

Mchana ule, baada ya kuosha sahani, Bi Kaltuma alijitupa kitandani kwake kisiwani Koyama, akaielekeza rimoti kwenye feni ya sola aliyonunuliwa Kismayo na mwanawe Faisal, akabonyeza. Feni kimya. Akabonyeza tena, akaisonya, akachukua upepeo wake wa ukili.

Haikufika alasiri, simu ikalia. Alikuwa Mukhtar, akaaye Kismayo katika nyumba ya Bi Kaltuma. Baba yake Mukhtar aliingia humo na bunduki mwaka wa tisini na moja, wenyewe wakatoka na nguo za mwilini tu. Mukhtar akazaliwa humo humo. Namba alipewa na jirani. Alieleza kwa adabu, akimwita eddo, kama Wasomali wamwitavyo shangazi, kwamba feni ya chumbani imewaka na kuzima yenyewe, na sasa hiyo feni, taa wala friji haviwaki. Fundi amepima nyaya zote. Kasema umeme upo, ila vyombo vinamtii mwenyewe tu, akatafutwe.

Bi Kaltuma hakuona ajabu. Mawimbi ya redio hupita kuta, seuze bahari. Kilichomshtua ni kingine: kumbe nyumba ingaliko! Miaka yote hiyo aliogopa kuuliza, asije akaambiwa imebomolewa. Akahimidi, machozi yakamtoka.

Faisal, aliyekuwa kando yake akisikiliza, akamnong'oneza asiwashe kitu, joto litawatoa lenyewe. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Hawa wana miaka thelathini na kitu, jembe hawajaligusa. Maneno yalimwingia mamake. Dole gumba likakaa juu ya kitufe, halibonyezi. Ndipo akasikia simuni mtoto mchanga akilia kwa joto, sauti imemkauka.

"Nyumba ya mchu haiingiwi bila hodi," akasema kwa Kibajuni chake. "Baba yako hakupiga."

Mukhtar akaitika: "Hodi, mwenye nyumba."

Hakuna aliyemwita hivyo tangu siku ile ya bunduki. Bi Kaltuma alishusha pumzi iliyomkaa kifuani tangu ujana.

"Karibu," akasema, akabonyeza. Mtoto akanyamaza.

Tangu hapo, kila magharibi Mukhtar hupiga simu, akapiga hodi, akakaribishwa, taa zikawaka. Humpa na habari za mkomamanga wa uani, kama umezaa. Ya kuhama hayataji. Bi Kaltuma huiweka rimoti chini ya mto, akajipepea kwa ukili wake mpaka usingizi ukamchukua, nao mnono.