Printa Iliyoshikilia Taa

Lornah aliinama nyuma ya baiskeli ya Mzee Walter, akavuta kamba ya mpira mpaka vidole vikamuuma, akaifunga mara ya pili kuzunguka mzigo uliovikwa shuka ya maua. Kisha akatazama juu na kumwomba Mungu azuie mvua kidogo. Ilikuwa Ijumaa asubuhi, njia za mtaa wa Obunga, Kisumu, zilikuwa tope tupu, na ndani ya ile shuka kulikuwa na printa.

Ilikuwa printa ya zamani, pana na nzito, ya zile zinazopiga karatasi kwa sindano za chuma huku zikilia kama cherehani. Tangu kiwanda cha nguo alichofanyia kazi mzee kifungwe, haikuwa imefanya kazi nyingine isipokuwa kushikilia taa ya mafuta chumbani kwa Mzee Walter. Jana jioni Lornah alikwenda kuiomba akiwa na aibu, maana ni vigumu kumwomba jirani kitu anachokitumia kila siku. Mzee hakuuliza swali hata moja. Alihamisha taa, akapangusa masizi, akasema atamletea kwa baiskeli yake mwenyewe.

Lornah alikuwa karani wa shule ya wasichana iliyojengwa kwa harambee karibu na ziwa, nje kidogo ya mji. Muhula huo shule ilikuwa imenunua kompyuta mpya. Wazazi walichanga, mheshimiwa mmoja akaahidi kuongezea na akasahau njiani, na pengo likazibwa kwa kuuza taipureta. Hakuna aliyeona kosa. Mtu akishapata kompyuta, taipureta ya nini tena?

Kumbe mitihani yote ya shule ilichapwa kwa stensili, ile karatasi ya nta ambayo herufi za taipureta huitoboa, kisha huvalishwa kwenye mashine ya kuzungushwa kwa mkono na nakala zikatoka mpaka mkono uchoke. Printa ndogo iliyokuja na kompyuta haikuweza kutoboa kitu. Iliunyunyiza wino juu ya nta kwa adabu, na wino ukateleza. Kuchapa nakala zote kwa wino huo nako hakukuwezekana, kwa sababu kikebe chake kidogo kilipita bei ya jogoo na kiliisha kabla darasa moja halijatosheka. Kilichotakiwa ni mashine inayogonga.

Mtihani wa moku, ule wa majaribio, wa kidato cha nne ulikuwa uanze Jumatatu. Afisa mmoja wa elimu alikuwa amepita akitangaza kwamba shule isiyo na karatasi zake tayari kufikia Ijumaa adhuhuri itanunua za kwake, zilizochapwa na duka ambalo hata kuku wa mtaa walijua ni la shemeji yake. Kila msichana angelipia. Asiye na pesa arudi nyumbani akatafute.

Hilo la kurudi nyumbani ndilo lililomkosesha Lornah usingizi. Kwake alikuwa akiishi Nabwire, mwanafunzi wa kidato cha nne, ambaye marehemu mama yake wa Port Victoria alikuwa rafiki ya Lornah, na aliyelala godoro moja na watoto wa Lornah. Mwaka huo gugumaji lilikuwa limefunika ziwa, mashua zimekwama ufuoni, na baba yake Nabwire hakuwa na cha kuuza. Muhula uliopita msichana aliporudishwa nyumbani kwa ajili ya karo, alibaki huko akianika omena za watu mpaka Lornah alipokwenda kumchukua. Wakati wa kuagana, baba mtu alisema bila hasira, macho yake yakiwa chini, kwamba akirudishwa tena Lornah asijisumbue kumfuata. Kulikuwa na mnunuzi wa samaki kule Usenge aliyekuwa amemwulizia, mtu mzima mwenye wake wawili.

Kwa hiyo Lornah alisukuma ile baiskeli kwa nyuma kama anayesukuma gari.

Karibu na soko la Kibuye askari wa baraza la mji aliwasimamisha. Mzigo mkubwa ndani ya shuka, asubuhi na mapema, ukitoka Obunga, ulikuwa umejishtaki wenyewe. Alifunua pembe moja, akaona plastiki na waya, akauliza risiti iko wapi.

"Risiti sina," alisema Mzee Walter. "Hii nilipewa kiwandani siku ile walifunga. Nilikuwa stoo. Walituambia hakuna pesa, kila mtu achukue kitu aende nayo nyumbani. Mimi nilichelewa, nilikuwa nafunga madirisha. Nikapata hii ndio imebaki. Risiti hawakutupatia. Hata barua ya kusema asante hawakutupatia."

Lornah tayari alikuwa ameingiza mkono kwenye mkoba, akitafuta kile kidogo ambacho askari hutafuta. Lakini askari alikuwa amebadilika uso.

"Kile cha nguo?"

"Hicho hicho."

"Ndugu yangu alitoka huko na mlango," alisema askari. "Mlango peke yake. Mpaka leo ameegemeza kwa ukuta, anangoja siku atajenga nyumba."

Kisha askari akaifunika printa vizuri, akakaza kamba upande aliouacha Lornah umelegea, akawaambia wapite njia ya chini kwa sababu ile ya juu ilikuwa na wenzake. Lornah alimshukuru kwa Kiswahili na kwa Dholuo, na moyoni alimshukuru zaidi.

Shuleni, mwalimu mkuu aliwangoja mlangoni. Bwana Waliaula alikuwa mtu mpole kutoka Bungoma, mzee wa kanisa, anayefunga kifungo cha juu cha shati hata kwenye joto la Kisumu. Yeye ndiye aliyeidhinisha kuuzwa kwa taipureta, na tangu hapo hakuwa akila vizuri. Aliipokea printa kwa mikono miwili, wakaiweka mezani, wakaiunganisha na kompyuta kwa ule waya wake mnene. Waya uliingia bila shida. Taa ndogo ya kijani ikawaka, na Mzee Walter akacheka peke yake, kwa kuwa hakuwa ameiona ikiwaka tangu kiwandani.

Shida ilianza kompyuta ilipouliza jina. Ilitaka kujua printa hiyo ni nani, ikatoa orodha ndefu ya majina ya watengenezaji ili mtu achague, na jina lililoandikwa kwenye uso wa ile mashine halikuwemo. Kijana wa duka la kompyuta alikuwa amewaonya siku ile alipokuja kuwafundisha. Alisema kwamba kila printa ya zamani ilikuja na diskette yake ya kuitambulisha kwa kompyuta, na bila hiyo, kama jina halimo kwenye orodha, wasahau. Diskette ilikuwa imepotea pamoja na kiwanda.

Lornah alichagua jina lililofanana kidogo na lile la kwenye uso. Printa ilitetemeka, ikaandika alama za ajabu ambazo si Kiswahili wala Kiingereza, ikatema karatasi nzima, kisha ikaanza kulia. Ilikuwa na kilio chembamba cha kukatakata, na haikunyamaza mpaka alipoizima. Alijaribu tena, ikalia tena. Bwana Waliaula aliketi, akavua miwani, akasema polepole kwamba labda sasa aende akawaambie wasichana.

"Mwalimu, ngoja kidogo," alisema Lornah.

Kilio kile kilikuwa kimemkumbusha kitu. Mtoto wake wa kwanza alizaliwa akilia. Alikataa titi, akakataa mgongo, akakataa dawa ya hospitali. Ndipo mama mkwe akaja kutoka nyumbani, akampakata, akaanza kumtajia majina ya marehemu wa ukoo mmoja baada ya mwingine, ya wale waliopendwa kwanza. Mtoto alilia tu. Mwishowe mama mkwe akataja shangazi mmoja aliyekuwa mkali, mchoyo, ambaye hakuna mtu aliyekuwa na hamu ya kumrudisha duniani, na mtoto akanyamaza na kunyonya. Jina lilikuwa hilo. Mpaka leo binti huyo hagawi sukari, lakini ni mzima wa afya.

Lornah aliwaeleza hayo, akasema kwamba wao walikuwa wamechagua jina wanalolitaka wao, hawakuingoja printa yenyewe ichague. Mzee Walter aliitikia kwa kichwa mara moja, kwani naye alipewa jina hivyo hivyo utotoni. Bwana Waliaula alikohoa.

"Hata kwetu Bungoma walikuwa wanafanya hiyo," alisema. "Lakini mimi niliokoka, madam."

"Mwalimu, hapa hakuna marehemu. Ni majina ya viwanda tu."

Mwalimu alifikiri. Alitazama saa ya ukutani, akaitazama printa, akavaa miwani yake na kuvuta kiti karibu na kioo cha kompyuta. Kisha, kwa sauti ile ile aliyosomea matangazo kanisani, akaanza kusoma orodha kutoka juu. Alisoma jina, Lornah akalibonyeza, Mzee Walter akaweka karatasi kuukuu, na mashine ikajibu. Kwa wengine ililia. Kwa wengine iliandika mstari mmoja juu ya mwingine mpaka karatasi ikachanika. Jina moja liliifanya inyamaze kabisa wakadhani imekufa. Umeme ulififia, wote wakashika meza, ukarudi. Walikwisha kupita majina makubwa yote, wakawa kwenye yale ambayo mwalimu alishindwa hata kuyatamka, alipotaja moja lisilofanana na lolote, la kampuni ambayo hakuna aliyewahi kuisikia.

Kichwa cha printa kilikwenda kushoto, kikarudi, kikaanza kugonga kwa mwendo mmoja wa kutulia. Karatasi ilipanda. Juu yake, kwa herufi zilizonyooka, ilikuwa imeandikwa: Jina la Mtahiniwa. Na haikulia.

"Bwana asifiwe," alisema mwalimu mkuu kwa sauti ya chini.

Aliyelia sasa alikuwa Lornah. Alitoa utepe wa wino ili sindano zigonge zikiwa tupu, akaingiza stensili ya kwanza, akabonyeza. Ilipotoka aliiinua hadi dirishani. Mwanga wa ziwani ulipenya kwenye kila herufi, vitundu vidogo vidogo, swali baada ya swali. Alipata kuona vitu vizuri maishani, lakini asubuhi hiyo hakukumbuka hata kimoja kilichozidi hicho.

Afisa alifika adhuhuri na gari lililojaa mabunda ya karatasi za shemeji yake. Alikuta Mzee Walter amekunja mikono ya shati anazungusha mashine ya nakala, wino mpaka kwenye viwiko, na rundo limefika kiunoni. Alichukua karatasi moja, akaitafuta kosa kwa muda mrefu, akaambulia vidole vyeusi. Mwishowe akasema kwamba karatasi hizo hazina muhuri wa ofisi yake, na kwamba muhuri una ada yake kwa kila mwanafunzi.

Bwana Waliaula alikuwa mtu wa kukubali mambo. Lornah alimwona akifungua mdomo, akajua anakwenda kukubali na hili.

"Hatutaki muhuri, bwana," alisema Lornah. "Wasichana wanataka mtihani."

Afisa akamwambia sawa, lakini mwaka ujao ruhusa ya kuchapa kivyao itafutwa, atahakikisha mwenyewe. Mwalimu mkuu akamsindikiza hadi garini na kumtakia safari njema. Aliporudi aliomba chai. Mwaka ujao ulikuwa na ubaya wake, na wote watatu waliujua. Lakini mlangoni pa kidato cha nne mwalimu mkuu alisimama akatangaza kwamba hakuna atakayerudi nyumbani. Kupitia dirishani Lornah alimwona Nabwire ameinamisha kichwa juu ya dawati, mabega yakimcheza. Kisha msichana akajipangusa uso kwa kola ya sare yake, akatoa wembe, akaanza kuchonga penseli.

Alasiri kompyuta iliuliza swali la mwisho. Pamoja na lile jina la kampuni, ilitaka kujua hapa shuleni printa itaitwaje. Lornah aliandika Walter. Mzee alisogea karibu, akalisoma lile neno kwenye kioo, akalisoma tena.

"Sasa hii ikikwama mtasema Walter amekwama?"

"Tutasema Walter amechoka, apumzishwe kidogo."

Alicheka sana, halafu akageukia ukuta kwa muda. Alipogeuka aliwaambia printa ibaki. Lornah alikataa, mwalimu mkuu akakataa, lakini yeye alikuwa ameshaanza kuikunja shuka. Lornah alimshika mkono wenye wino kwa mikono yake yote miwili.

"Erokamano, asante sana, Mzee. Sijui nikwambie nini ingine."

"Hiyo inatosha, nyathina, mwanangu," alisema.

Akaondoka na baiskeli yake nyepesi, shuka imekunjwa kwenye kariya ya nyuma. Langoni alisimama kidogo kusikiliza, maana mlio wa printa ulifika hadi pale, kisha akapanda.

Giza lilipoanza kuingia kule Obunga, mkewe alikuja na taa mkononi, akazunguka chumba kizima akitafuta pa kuiweka.

"Weka chini tu," alisema Mzee Walter. "Ile imepata kazi."