Kofia ya Ansel Gadsden

Kazi yangu ni kuzika watu weusi wa Pell, Karolina Kusini, na sioni haya kuitaja. Mzungu hawezi kunifukuza kazi maana hajawahi kuniajiri, na wateja wangu hawatishiki. Kwa hiyo mimi, Lucius Pettaway, nilisema nilichotaka hata mwaka ule ambao wenzangu waliongea kwa kunong'ona.

Ni mwaka ambao Ansel Gadsden alikwenda mahakamani kudai mjukuu wake Corrine asome shule ya wazungu, iliyokuwa ng'ambo tu ya shamba lao, badala ya kutembea hadi kibanda cha shule yetu chenye paa linalovuja. Walianza wazazi wengi. Mmoja akafukuzwa shambani, mwingine akanyimwa mkopo wa mbegu, wakajitoa mmoja mmoja, nami siwalaumu. Akabaki Ansel. Kisha moyo wake ukasimama akikamua ng'ombe.

Wakili wetu Tisdale akaleta neno la jaji: Alhamisi asubuhi mlezi mwingine wa mtoto asimame mbele yake, la sivyo kesi inafutwa. Mlezi aliyebaki alikuwa Ozella, mjane wa Ansel. Na kila siku ya kesi manaibu wa sherifu walikaa darajani, wakisimamisha magari yetu na kukagua taa, breki na leseni hadi korti ifungwe. Njia nyingine ya kwenda mjini hatukuwa nayo.

Jumatano Ozella alikuja kwangu na suti ya mumewe mkononi, na juu yake kofia ya kijivu, ukingo umelika pale vidole vilipozoea kuishika. Maisha yake yote Ansel aliivua kwa kila mzungu aliyepishana naye, hata vijana wasio na ndevu.

"Mvalishe na hii," akasema.

"Dada Ozella, mwanamume haendi mbele ya Mungu na kofia kichwani. Sijawahi kumzika mtu hivyo, na sianzi leo."

"Una kichwa kigumu wewe."

"Ndicho kinachonilisha."

"Haya. Basi kesho umtoe, umpeleke mjini mpaka mlangoni pa korti. Mimi nitakaa mbele, pembeni yako."

Nilipandwa na hasira. "Unataka nimtumie marehemu kudanganya polisi? Mimi sichezi na maiti!"

"Nani kataja kudanganya? Yeye amekufa kweli, na mimi ni mjane kweli. Na mwenyewe alisema atakwenda kortini. Alisema kila siku mezani, mpaka namwambia anyamaze ale. Tukitoka huko turudi, tumzike kanisani kwetu, kando ya binti yetu."

Huyo binti, mama yake Corrine, amelala pale, nilimzika mwenyewe. Ozella hakuwa ametoa chozi tangu mumewe aanguke, na nilikuwa namwogopa kidogo. Nikakubali.

Asubuhi tukatoka, gari la maiti mbele, taa zimewashwa, waumini nyuma na magari yao. Kwetu msafara wa maziko haukatizwi na mtu wa rangi yoyote. Hata mlevi husimama kando. Hiyo ndiyo heshima pekee tuliyopewa bila kuiomba, na tulisubiri kufa kwanza ndipo tuipate. Ozella aliishika kofia ya mumewe mapajani.

Darajani naibu mmoja kijana alishainua mkono. Akaliona gari. Mkono ukashuka polepole, akavua kofia yake, akaiweka kifuani. Wenzake nao wakavua. Lori la mzungu likajibana pembeni.

"Kaka Lucius, umeona?"

"Nimeona. Tazama mbele, dada. Endelea na huzuni."

"Nina huzuni, mjinga wewe!" akasema, na hapo ndipo machozi yakamtoka, analia huku anacheka. Mimi nikaendesha hivyo hivyo, barabara siioni vizuri.

Kortini wakili wa wilaya, aliyetupinga, alimwita kwa jina tupu, kama mtoto.

"Ozella, unajua kusoma?"

"Kidogo tu, bwana. Ndiyo maana nimekuja."

Huku juu, kwenye roshani yetu sisi weusi, watu wakakohoa kuficha kicheko. Jaji hakucheka. Alimtazama yule mama aliyevaa nguo nyeusi tupu, akauliza kwa sauti ya chini, "Mumeo amezikwa lini?"

"Bado, mheshimiwa. Yuko nje, ananisubiri."

Jaji akageukia dirisha, akaliona gari langu.

"Basi tusimcheleweshe," akasema, akaandika jina la Ozella mahali pa jina la Ansel. Kesi ikabaki hai. Kushinda kulikuwa mbali bado, lakini ilibaki hai.

Tulirudi Pell, na kule kanisani kuku wa kukaanga na pai za viazi vitamu vilikuwa vimeshapangwa. Pale kaburini, kamba ziko tayari, niliwaambia vijana wangoje. Nikafungua jeneza. Mchungaji alinikodolea macho, maana ananijua. Nikanyoosha mkono kwa Ozella, naye akanipa kofia, nikainua kichwa cha rafiki yangu na kumvalisha.

"Ibane vizuri, Kaka Lucius," akasema Ozella. "Akitaka kuivua, aivue mwenyewe."