Mpunga wa Kando ya Tuta

Kwa miaka mitatu Matumaini alikuwa anatembea na sentensi moja mdomoni: "Mama, mwaka huu ni wa mwisho." Sentensi fupi, haina hata neno gumu. Aliifanyia mazoezi bafuni, aliifanyia mazoezi kwenye foleni ya magari ya kwenda Irving, na kila mwezi wa kumi ulipofika aliimeza pamoja na mate, akawasha gari, akaenda kuvuna mpunga.

Mwaka huu alikuwa ameapa. Ijumaa alisimama saa kumi nzima ghalani, karibu na uwanja wa ndege, akipanga maboksi ya watu asiowajua. Jumamosi hii moja aliipata kwa kuomba mara tatu, tena kwa msimamizi ambaye alimwambia akapumzike vizuri. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Saa kumi na moja alfajiri, badala ya kupumzika, alikuwa anatoka Cedar Hill kushuka Houston, safari ya saa nne na nusu, mama mkwe kando yake, mabeseni mawili na ungo kwenye kiti cha nyuma. Mgongo ulimuuma kuanzia kiunoni hadi shingoni. Mumewe Nathanaël angemsaidia kuendesha, lakini Nathanaël ni dereva wa lori, na wiki ile alikuwa Ohio.

Mambo yenyewe yalianza miaka minane nyuma. Mama mkwe alifika Texas kutoka kambi ya wakimbizi, akiwa amemwacha binti yake kaburini huko, na wiki tatu nzima alikunywa chai tu. Aliletewa bugali, akaletewa kuku, akapikiwa sombe, kisamvu cha kwao. Alishukuru, akasukuma sahani. Kisha wakaenda msibani Houston, wakapotea njia upande wa magharibi, kwenye mashamba yaliyowahi kulimwa mpunga zamani. Yule mama, ambaye hakuwa ametamka neno tangu asubuhi, akapiga kelele: "Simama!" Matumaini akakanyaga breki. Ng'ambo ya ua palikuwa na mpunga ambao haukupandwa na mtu, umejiotea majini kama ule wa kandokando ya mto Ruzizi, kwao. Mwenye shamba, mzee aitwaye Sheldon, aliwaruhusu wachume watakacho, maana yeye aliuacha kwa ajili ya bata. Kesho yake mama mkwe alikula sahani nzima, na Matumaini akalia jikoni mpaka taulo la vyombo likalowa.

Baada ya hapo nani angethubutu? Katika nyumba ile ilijulikana kwamba mpunga ndio uliomshika mama duniani. Kuuacha mpunga ni kumwachilia mama, na Matumaini hakutaka kubeba dhambi hiyo juu ya mgongo ambao tayari ulikuwa mbovu.

Tena mpunga wa mwitu haungoji mtu. Ukishakomaa punje zinapukutika majini, ukichelewa siku tatu unavuna majani. Ndiyo sababu wanawake wa kwao huufunga. Mwezi wa tisa, masuke yakiwa bado mabichi, unayakusanya kama ishirini hivi, unayazungushia kitambaa cha kitenge kikuukuu, unapiga fundo, yakomae yakiwa yameshikana. Fundo la nyumba moja haliguswi na mtu wa nyumba nyingine. Na fundo haliachwi shambani: kilichofungwa kitafunguliwa.

Kufunga ilikuwa kazi ya mama mkwe, kuvuna kazi ya Matumaini. Mama mkwe ni mfupi, basi alifunga chini, tena katikati ya maji, eti huko ndiko kwenye mpunga mzuri. Kwa hiyo kila mwaka Matumaini alishinda ameinama, maji ya magoti, beseni likielea ubavuni, majani yakimchana mikono na mbu wakijilia bure. Jumatatu alirudi ghalani akitembea kama mjamzito wa miezi tisa.

Walifika saa tatu na nusu. Sheldon alifungua geti, akauliza swali lake la kila mwaka, kama hawajui kwamba mchele unauzwa dukani.

"Ladies, you know they sell it at the store, right?"

"Yes, sir," akajibu Matumaini. Alijua kuliko yeye.

Alimwekea mama mkwe kiti cha kukunja juu ya tuta, akamfungulia mwavuli, akavaa buti. Nitavuna nusu, alijiambia, halafu nitasema. Akashuka mpaka ukingoni mwa maji, akasimama hapo akishangaa.

Katikati hapakuwa na fundo hata moja. Yote yalikuwa kando ya tuta, mstari mmoja, vitambaa vya njano na bluu, na yote yamefungwa juu, usawa wa kiuno chake. Mwezi wa tisa Matumaini hakuja; zamu za ziada zilimbana, na Nathanaël ndiye aliyemleta mama yake kufunga. Aliegemeza beseni kwenye tuta, akavuta masuke ya kwanza juu yake, akafungua fundo, akayapiga kwa kijiti. Punje zikamwagika. Hakuinama. La pili, la tano, la kumi, hakuinama.

Ndipo ilipomwingia. Huyu mama ameuona mgongo wangu, akawaza. Hakusema neno, akaja akafunga mpunga kwa kipimo changu. Aibu ilimshika hadi masikioni. Miaka mitatu anatafuta namna ya kumkimbia mtu anayemwonea huruma hivi! Alilia palepale, kijiti mkononi, na ile sentensi yake akaitupa majini. Atakuja kila mwaka, alijiapia, hata kama ni kwa mkongojo.

Alipanda tuta, akapiga goti mbele ya kiti.

"Mama, aksanti."

"Aksanti ya nini?"

"Ulifunga hapa kando juu ya mugongo yangu. Niliona." Kwao "juu ya" ni "kwa sababu ya".

Mama mkwe angeweza kuipokea ile shukrani akanyamaza. Wengi wangefanya hivyo, na mimi ningekuwa wa kwanza. Yeye akamwita kwa jina la mtoto wake.

"Mama Kethia, usinishukuru bure. Nilifunga pale juu ya magoti yangu. Siwezi tena kuingia mu mayi. Hata kuinama siwezi."

Matumaini alibaki na goti lake chini. "Sasa juu ya nini unakuja?"

"Juu yako. Ile siku nilikula, ulilia ku cuisine. Nilikusikia. Nikasema, nikiacha huu muchele, huyu mutoto atafikiri nataka kufa. Kila mwaka nasema, mwaka huu nitamwambia. Halafu naona unatoa mabeseni, nafunga kinywa."

Matumaini akaketi. Tangu aanze kuja pale hakuwahi hata mara moja kuketi kwenye lile tuta. Alitaka kucheka, akaona hata kucheka kunataka nguvu. Na tuseme ukweli, hasira pia ilimpanda. Aliziona zile Jumamosi zote, moja moja, Jumamosi ambazo angelala mpaka jua la utosi.

"Miaka minane, mama!"

"Saba. Mwaka wa kwanza nilipenda."

Upepo ulipita juu ya mpunga. Mbele yao mafundo kama arobaini yalikuwa bado yanangoja.

"Mimi nilichoka, mama," akasema Matumaini hatimaye. Haikuwa ile sentensi ya mazoezi. Ilikuwa fupi zaidi, na ilitoka yenyewe.

"Hata mimi nilichoka."

Lakini jambo moja lilikuwa bado halijasemwa, lile lililomleta hapa miaka yote. "Na tukiacha, utakula?"

Mama mkwe alivuta kitenge chake, akafunika magoti.

"Unafikiri muchele ndio uliniponesha? Mu kambi, mutoto yangu akiwa mugongoni, nilisema simama. Nilipungia mukono kila camion, kila lori yenye ilipita. Simama, mutoto anakufa. Hakuna mwenye alisimama. Sasa nafika hapa, nasema simama, na wewe unakanyaga frein. Hata hukuuliza juu ya nini." Akamgeukia. "Nilikula juu ya ile."

Matumaini alimshika mkono.

Fundo haliachwi shambani, kwa hiyo aliinuka tena. Safari hii hakuchukua beseni. Alipita kando ya tuta akifungua moja moja, punje zikidondoka majini kwa sauti ya mvua ndogo, chakula cha bata, na mbegu ya mwaka ambao wao hawatakuja. Mama mkwe alipokea vitambaa, akavikunja mapajani. Walichopata hakikujaza hata beseni moja.

Saa tisa waliondoka. Waliipita Houston, wakashika njia ya kaskazini, na karibu na Huntsville jua likawa upande wa kushoto, redio inaimba chini chini, mstari mweupe wa barabara unakuja na kuondoka.

"Simama," akasema mama mkwe.

Matumaini hakuuliza juu ya nini. Aliwasha indiketa, akatoka barabarani, akaegesha kwenye kituo cha mapumziko katikati ya malori mawili.

"Macho yako yanajifunga. Lala. Nusu saa nitakuamusha."

Matumaini alilaza kiti nyuma, na usingizi ukamchukua kabla hajafungua mkanda. Mama mkwe akazima redio, akaketi wima na beseni mapajani, akimlinda. Nusu saa ikapita. Ikapita saa nzima, ikapita ya pili, malori yakaondoka na mengine yakaja. Hakumwamsha.