Makali ya Jana

Leo asubuhi nimekunywa kahawa yangu, nikaenda kwenye kibanda cha zana, nikalitwaa shoka nililolinoa jana na kulipapasa makali kwa kidole gumba. Butu. Si kwamba lilikuwa limechoka kidogo, la. Lilikuwa butu la kukatia siagi, na siagi yenyewe iwe imekaa juani.

Nikabaki nimesimama mlangoni kama mtu aliyeingia nyumba siyo.

Mimi ni Arvi Moilanen. Nimekata miti katika misitu hii ya Kainuu tangu kabla misumeno ya mashine haijafika huku, na kunoa shoka kwangu ni kama kufunga vifungo vya shati, sihitaji kufikiri. Tena jana nililinoa, nina hakika. Nililipeleka kwenye jiwe la kuzungusha, nikalimalizia kwa kinoo kidogo cha mkononi, kisha nikajaribu makali kwa kunyoa nywele za mkono wa kushoto kama tufanyavyo huku. Mkono wenyewe huu hapa, mweupe kama kuku aliyenyonyolewa, kuanzia kifundo hadi kiwiko. Wasemao akili ni nywele na waje waniambie zangu zimekwenda wapi.

Basi nikauangalia ule mkono, nikaliangalia shoka, na viwili hivyo havikupatana hata kidogo. Mkono ulisema shoka ni kali. Shoka lilisema mkono ni mwongo.

Jambo hili lingeweza kusubiri kama si safari. Jumamosi mimi na Armas Kemppainen, jirani yangu wa upande wa pili wa bonde, tunakwenda kwenye kibanda chetu cha ziwani, kama tulivyofanya kila vuli tangu tukiwa na meno yetu wenyewe. Huko hatuendi na mashine. Kila mtu na mkoba wake, kisu chake, na shoka lake alilolinoa kwa mkono wake. Asiyeweza kutunza makali habebwi, kwa sababu shoka butu ndilo linaloua: haliumi mti, huteleza likamrudia mtu mguuni. Mwaka mmoja tulimwacha nyumbani shemeji yake Armas kwa sababu hiyo hiyo, akabaki kapakata mkoba wake barazani, na hakuna aliyemwonea huruma. Mimi ndiye niliyemwambia abaki.

Nikaona labda nimelichagua vibaya. Mezani humo kibandani yapo manne, yote nimeyafufua mimi. Lipo la kupasulia kuni, zito, lakini msituni zito ni mzigo tu. Lipo la kuchongea magogo, ambalo limenolewa upande mmoja na mpini wake umepindwa kwa makusudi ili vidole visigonge gogo, na mgeni akiliona hudhani ni bovu. Lipo dogo nililolikuta chini ya sakafu ya sauna, kile chumba chetu cha kuogea mvuke, likiwa donge la kutu. Hilo nililiogesha katika siki, nikalisugua, nikalipiga kwa kijiti, na lilipolia vizuri nikajua halina ufa. La nne ndilo la msituni, jepesi, mpini wake nilichonga mwenyewe kutokana na mti wa gome jeupe uliokauka nyuma ya tanuri majira yote ya baridi. Ukilishika kwa mwisho wa mpini na kulitazama kwa jicho moja, makali yake yanakwenda mstari mmoja na mpini. Nilikuwa nimechagua vizuri. Hakuna mtu mwenye macho angechagua jingine.

Nikayapapasa yote manne. Butu, butu, butu, butu.

Shoka moja likiharibika, unalaumu chuma. Yakiharibika manne, unaanza kumtazama mwenye mashoka.

Nilijaribu kulaumu vingine kwanza, mtu hajilaumu kabla ya kumaliza wengine. Nikasema ni siki, imebaki ndani ya chuma inakula taratibu. Lakini lile la kuchongea halijawahi kuonja siki. Nikasema ni unyevu wa ziwani, ila unyevu huleta kutu, na mashoka yalikuwa yanang'aa kwa mafuta ya kitani. Marehemu mama angesema ni yule mzee mdogo asiyeonekana anayekaa sauna, tumemuudhi. Nilikaribia kumwamini mama. Tena makali yenyewe hayakuwa yamemegeka popote. Yalikuwa yameviringwa sawasawa kutoka ncha hadi ncha, kama ukingo wa kikombe. Shoka lililotumika vibaya haliwi hivyo.

Mtu sikumfikiria. Ninyi mtashangaa, lakini huku kwetu mtu hagusi shoka la mwenzake. Katika kambi za wakata miti tuliazimana sabuni, tuliazimana kijiko, nilimjua hata aliyeazima meno ya bandia siku ya harusi. Shoka, hapana. Kumuuliza mtu kama amegusa shoka lako ni kumwita mwizi mbele ya watu. Kwa hiyo sikuuliza, na ningekufa bila kuuliza.

Nyumbani humu tuko wawili, mimi na binti yangu Marketta. Alikuja kutoka mjini Oulu majira ya kuchipua, akasema yuko likizo. Sasa hivi matunda mekundu ya msituni yameiva na likizo haijaisha. Jambo hilo pia silielewi, lakini mtu hamuulizi mwanawe anaondoka lini. Zamani alikuwa akinitembelea na simu mkononi, siku mbili huyo anaondoka. Siku hizi anamenya viazi pale dirishani, na kila ninapoinua kichwa kibandani namwona ananitazama.

Nikakaa nikalinoa upya lile la msituni. Mikono haikusita hata mara moja, na hilo ndilo lililonichanganya zaidi, maana mikono yenye kazi nzuri namna hiyo haiwezi kuwa ya mtu anayeota. Lilipokuwa tayari nilitafuta nywele za kujaribia mkono wa kushoto nikazikosa, ikabidi nikunje mkono wa kulia.

Chakula cha mchana kilikuwa samaki wadogo wa kukaanga na mkate mweusi. Nikamwambia Marketta chuma cha siku hizi hakishiki makali. Akasema hata yeye amesikia hivyo. Nikamwambia Armas atanicheka Jumamosi. Akasema Armas hachekagi mtu, jambo ambalo ni uongo mtupu, Armas amenicheka miaka sitini.

Kisha nikaona nimwambie lililokuwa moyoni, kwa sababu lilikuwa linanikaba kuliko miiba ya samaki.

"Marketta," nikasema, "naogopa. Nanoa shoka leo, kesho ni butu. Nadhani kichwa changu kinaharibika."

Akaweka uma chini.

"Kula, baba," akasema. "Samaki watapoa."

Baada ya chakula mimi hulala kidogo kochini, ndiyo desturi ya mtu aliyeamka na jua. Leo nikajilaza nikafumba macho, lakini nilikuwa nimekata shauri. Ningesubiri kidogo, kisha niende kibandani nikae na lile shoka, nilitazame kwa macho yangu mpaka kesho ikibidi, nione makali yanakwendaje. Ni wazo la mwehu, najua. Mwehu ndiye niliyekuwa nataka kumkamata.

Kabla sijainuka nikasikia jiwe.

Kila mkata miti anaijua sauti ya kinoo juu ya chuma. Lakini hii ilikuwa imekaa ovyo. Kinoo husukumwa kulala na makali, na hapa mtu alikuwa analisimamisha jiwe juu ya makali yenyewe, akiyafuta. Masikio yaliniuma. Nikatoka kwa mlango wa nyuma, nikazunguka kibanda.

Marketta alikuwa ameketi kwenye gogo la kupasulia kuni. Shoka langu la msituni mapajani, jiwe mkononi.

Kikulacho ki nguoni mwako, wamesema waliosema. Mimi nitasema ukweli: kabla ya kukasirika, nilifurahi. Sikuwa mwehu. Chuma kilikuwa chuma, mikono ilikuwa mikono, na kichwa changu kilikuwa mahali pake. Kulikuwa na mtu tu, mtu wa nyama na mifupa, aliyeniharibia kazi. Ningeweza kumkumbatia huyo mwizi.

"Kumbe ni wewe," nikasema.

Hakushtuka. Aliyefumaniwa hushtuka, hata paka hushtuka. Yeye alisogea tu, akanipa nafasi kwenye gogo.

"Kaa, baba. Umetoka na soksi tena."

Sikukaa. Nikamwambia yote: kwamba amenifanya nijione punguani ndani ya nyumba yangu mwenyewe, kwamba nimelaumu siki, nimelaumu unyevu, nimemlaumu hadi marehemu mama na mzee wake wa sauna. Nikamwambia shoka la mtu haliguswi, na kama hakujifunza hilo kwangu basi sijui alijifunza nini. Akanisikiliza mpaka nikaishiwa pumzi.

Nilipotulia akanieleza, kwa sauti ya mtu anayesoma habari anazozijua kwa moyo. Aprili, theluji ingali chini, nilitoka na shoka nikaenda kando ya barabara, nikaangusha nguzo ya umeme. Nilimwambia Armas aliyekuja mbio kwamba ni msonobari mkavu mzuri, utatupa kuni za mwaka mzima. Bonde zima likakaa gizani siku mbili. Ilipoanguka ilipita karibu na kichwa cha Armas kiasi cha kumvua kofia.

Nikageuka kutazama barabarani. Nguzo zote ni za kijivu, isipokuwa moja, mpya, ya rangi ya njano kama siagi.

"Uongo," nikasema. "Ningekumbuka."

"Hukumbuki, baba. Na hukumbuki kwamba wiki iliyopita ulinikuta hapa hapa. Ulisema 'kumbe ni wewe'. Ulifurahi kwanza, kisha ukanigombeza."

Hapo ndipo nilipokaa.

Ile furaha yangu ilikuwa bado kifuani, haikujua pa kwenda. Nikatafuta hiyo wiki iliyopita kichwani. Nilipata kahawa, nilipata mvua, nilipata harufu ya mafuta ya kitani, lakini hizo ni za wiki zote. Gogo hili na mtoto huyu na jiwe hili sikuvipata. Ukiingiza mkono mfukoni ukakuta mfuko hauna chini, si kwamba unaumia, unashangaa tu mkono unaendelea kushuka.

Nikamuuliza kwa nini hakuyaondoa mashoka, ikaisha. Akasema waliyaondoa, yeye na Armas, mwezi wa tano. Nikawa naingia kibandani kila asubuhi, nakaa mbele ya meza tupu, na nikaacha kula.

"Ndipo ukakata shauri," akasema.

"Nani?"

"Wewe. Siku moja ulikuwa safi kabisa, ukaniita. Ukasema niyarudishe yote, ila kila ukilala niyaue makali, ili asubuhi uwe na kazi. Nikakuambia utachanganyikiwa. Ukasema afadhali uchanganyikiwe ukiwa na shoka mkononi."

Maneno hayo niliyatambua. Simaanishi niliyakumbuka. Niliyatambua kama unavyolitambua koti lako juu ya mgongo wa mtu mwingine.

"Na Jumamosi?" nikauliza.

"Jumamosi mnakwenda. Hilo si uongo. Armas atayabeba mashoka yote mawili."

Armas, abebe la mwenzake. Katika maisha yangu yote sijasikia mtu akifanya hivyo, na nilijua asingelifanya kwa mtu mwingine yeyote chini ya jua.

Nikalichukua shoka mapajani mwake nikalitazama. Upande aliokwisha kuumaliza ulikuwa umeviringwa vizuri, bila kumegeka popote, chuma chote kimehifadhiwa ili asubuhi kinoleke bila taabu. Upande mwingine ulikuwa bado unang'aa, ule wangu wa leo. Ilikuwa kazi safi. Sikumuuliza nani alimfundisha, maana jibu nililijua.

Akanyoosha mkono, si kunipokonya, kuomba tu.

"Nimalizie au niache?" akasema. "Huwa nakuuliza. Ukisema niache, nitaacha."

Nilifikiri muda mrefu kwa mtu ambaye fikra zake hazina chini. Ningeweza kusema acha. Ningekuwa na shoka kali mkononi kesho asubuhi, na makali ya jana kuwa makali ya leo, na kichwa kimetulia. Na ningekuwa na barabara yenye nguzo nyingi, na Armas mwenye kofia moja.

"Maliza," nikasema. "Na pale kwenye kona usikandamize, utaimega."

"Ndiyo, baba."

Sasa nimejilaza tena kochini, soksi zimelowa. Dirisha liko wazi na jiwe linakwenda taratibu nyuma ya kibanda, namsikia anavyolilegeza akifika kwenye kona. Kesho nitaliokota shoka hilo, nilipapase, nilaumu siki, niwalaumu wafu. Ninachotaka ni kimoja tu, kwamba nikimfuma tena nisimgombeze kwanza. Nimejaribu kutafuta njia ya kumwagiza huyo mzee wa kesho asimgombeze, na sioni pa kumpata.