Ya Kwanza au ya Pili

…ya kwanza, au ya pili, anauliza tena daktari wa macho, anachomoa kioo kimoja na kupachika kingine kwenye fremu ya chuma inayomlemea puani mwanamke aliyeketi kitini, naye jibu analotakiwa kutoa analijua, asilolijua ni anachokiona, au anakijua na ndicho kinachomtisha, wewe sema tu, mama, hapa hakuna kufeli, eti hakuna kufeli, angejua, macho haya yakiwa mazima ndoa ya miaka kumi na mitatu imekufa, yakiwa mabovu ndoa ni nzima na wa kutengenezwa ni yeye, kwa miwani, kwa dawa ya matone, kwa chochote, na Mungu amsamehe, tangu asubuhi anaomba awe kipofu kidogo tu. Ya pili, anasema. Ina nafuu? Ina nafuu. Nyuma yake mumewe anakohoa kikohozi cha kuridhika, mimi nimesema mpaka nimechoka, daktari, huyu haoni, anabisha tu, na ni sauti ile ile ya upole, sauti ya Alhamisi… Alhamisi saa saba mchana, ametumwa zipu na karakana ya ushonaji anakofanya kazi, jua limewaka, hakuna hata kivuli cha kumdanganya mtu, na ng'ambo ya barabara mumewe anatoka kwenye geti la shule amemshika mkono mtoto wa kike, wa miaka sita hivi, sare ya kijani, kola nyeupe, na kola zile alizishona yeye mwenyewe, mia mbili na arobaini, angezitambua hata kwa kupapasa, mumewe akachutama kumfunga mtoto kamba za kiatu, mtoto akamwekea kiganja kichwani asije akaanguka, vile mtoto anavyomshika aliyemzoea, na mdomo mdogo ukasema baba, yeye huku ng'ambo akamwita mumewe kwa nguvu, hakugeuka mtu. Jioni, alipoulizwa, mumewe akanawa mikono, akaketi, akasema bila kupandisha sauti, mimi nilishinda kazini, mke wangu, umemfananisha mtu, cherehani imekumaliza macho. Angegomba ingekuwa afadhali, wenye makosa si ndio wanaogomba?

Likafuata la dirisha, uliliacha wazi wewe, likafuata la shati la bluu ambalo eti hajawahi kuwa nalo, likafuata la safari ya kwenda kwa dada yake, waliipanga wiki nzima, yeye akafungasha, mumewe akasimama mlangoni akiutazama mzigo kwa huruma, safari gani tena, mke wangu, na kila mara mkono begani, kila mara pole, hata wiki ya tatu ikamkuta yeye ndiye anayeomba radhi, yeye, ambaye karakanani wanamwita Sindano kwa kuwa hutunga uzi mara moja bila kuulamba, sasa anauliza wenzake uzi huu ni mweusi au ni bluu, nao wanacheka, Sindano leo umelewa nini, nyumbani anagusa ukuta kabla ya kuuegemea, anagusa kikombe kabla ya kukishika… na kama Alhamisi haikuwepo, kilichowahi kuwepo ni kipi, harusi je, mimba mbili zilizotoka je, mumewe alikaa kweli pembeni ya kitanda cha hospitali usiku kucha, au yeye alijitungia mwenyewe mume wa kukaa pale, maana mtu akiweza kuona kola alizozishona kwa mkono wake na kumbe hazipo, chumba hiki nani wa kukidhamini, kiti hiki, daktari huyu mwenye harufu ya sabuni, huenda amelala mahali na hakuna wa kumwamsha. Mama, mstari wa mwisho, jaribu. Chumba kifupi, ndiyo maana ubao wa herufi wameutundika nyuma, juu ya kichwa chake, na herufi zenyewe zimeandikwa kinyume, aliziona alipoingia zikamvuruga, yeye anazisomea kwenye kioo cha ukutani kilicho mbele yake, kumbe zilizopo hazisomeki na zinazosomeka hazipo zinapoonekana, basi ndio dunia yenyewe hiyo, na chini ya herufi, humo humo kiooni, ameketi mumewe na shati jeupe alilorudi nalo jana kutoka safari ya kikazi, herufi za mwisho anaziona zote, hata jina dogo la mchapaji analiona, na anaona kifungo, cha pili kutoka juu.

Vifungo vyote vya nyumba ile huvishona yeye, matundu manne, uzi unakatiza msalaba, kisha anauzungusha mara tatu chini yake, hata vya foronya, miaka kumi na mitatu mkono wake haujui njia nyingine, na hiki kina mistari miwili iliyolala sambamba, uzi mweupe kuliko wenzake. Si kazi mbaya, hata msimamizi wa karakana asingekirudisha, kimeshonwa taratibu, na mtu asiye na haraka, mumewe alilivua shati, au alisimama nalo mwilini, huyo mtu akakata uzi kwa meno kifuani pake… mafundi wapo, pengine fundi wa njiani, lakini huyu mwanamume akidondosha kifungo hukitia mfukoni akamletea mtu, na jana hakumletea yeye. Macho waseme watakavyo, mkono ni wake, na haujashona pale. Kwa hiyo Alhamisi ilikuwepo. Yule mtoto yupo, ana kamba za viatu, na dirisha hakuliacha wazi, hakuwa mgonjwa hata siku moja, na afya hiyo inamuuma kuliko ugonjwa, kwani akigeuka sasa hivi na kumnyooshea kidole anajua atakachojibiwa, kwa upole, mbele ya daktari, si ulikishona wewe juzi, mke wangu, umesahau, na yeye mwenyewe kesho kutwa atakumbuka alikishona. Daktari anainama kurekebisha fremu, anamnong'oneza sikioni, mama, hivi viwili vya mwisho ni vioo vitupu, havina nguvu yoyote, unaona vizuri kuliko mimi. Anasemaje, anauliza mume. Daktari ananyooka, anamtazama mama, hamtazami bwana, anapandisha sauti kidogo, tunarudia, ya kwanza, au ya pili, na kumbe anampa nafasi, mtu mgeni kabisa anampa nafasi, neno moja tu lingetosha. Sioni, daktari, anasema, zote ukungu, na nyuma yake mumewe anashusha pumzi, si nilisema, na kiooni kile kifungo kinapanda na kushuka na pumzi yake, mistari miwili, sambamba, anaweza kuzihesabu nyuzi.