Vidole Visivyonuka

Siku ile vidole vyangu havikunuka. Hilo ndilo nililoligundua kwanza.

Kazi yangu dukani kwa Anti Phiona, hapa mtaa wa Hai Cinema, ni kujaza kapsuli. Napanga nusu za chini za kapsuli tupu kwenye kibao chenye matundu, namwaga unga, nausawazisha kwa kipande cha plastiki, halafu nafunika. Kapsuli za usingizi zilikuwa na mzizi wa valeriani, maua ya kamomili na magnesiamu. Niliacha shule darasa la tano, lakini majina hayo niliyasoma kwenye kibandiko mpaka yakaniingia kichwani. Valeriani inanuka kama soksi ya askari. Hata nikinawa kwa sabuni, harufu haitoki. Kanisani nilikaa benchi la nyuma.

Wateja walilalamika kwamba kapsuli hazina nguvu, na hakuna aliyemzidi Mama Gai. Jina lake ni Nyaboth, alikuwa anauza chai nyumba ya tatu kutoka kwetu. Kiswahili alikipata kwenye kambi ya wakimbizi ya Kakuma. Tangu mwanawe Gai auawe, usingizi ulimkimbia.

"Dawa yenu ni maji ya kuoshea mchele," alituambia. "Nikimeza kidonge kimoja, sioni kitu. Viwili, napiga miayo tu. Sasa nameza vitatu, ndiyo macho yanafunga kidogo."

Anti Phiona akacheka. "Vitatu si mbaya, mama. Iko majani tu. Hata mbuzi anakula."

Wakati ule ilikuwa kweli.

Kisha valeriani ikaisha, na mzigo mpya ukakwama uwanja wa ndege. Anti Phiona akaja na mfuko wa tembe ndogo nyeupe. Alizitwanga kwenye kinu cha karanga, akachanganya na magnesiamu na kamomili iliyobaki. Hakupima. Alikoroga kwa kijiko, akaonja kwa ncha ya ulimi, akatema.

"Hii ni nini, anti?" nikauliza.

"Iko dawa ya usingizi ya hospitali. Si walisema yetu iko bure? Sasa watalala." Akanitazama. "Na wewe, huo mdomo usianze kufanya kazi leo."

Nikajaza. Kibandiko tulibandika kilekile.

Mchana Mama Gai akaja, harufu yake ya tangawizi ikimtangulia. Nikampa chupa mpya. Akaifungua, akanusa.

"Leo hainuki. Ni ileile?"

Aliniuliza mimi. Anti Phiona ndiye aliyejibu, kutoka nyuma ya kabati: "Ileile, mama. Tumesafisha mizizi vizuri tu."

"Kalas, basi. Leo nafunga chai mapema, nimeze vitatu vyangu." Akanifinya shavu. "Na wewe, bibi harusi wa kimya, lini utanisalimia mpaka nisikie?"

Nikatabasamu. Nikamfungia mfuko, mafundo mawili. Aliondoka polepole, ndala zikiburuza vumbi. Ningemfikia kwa hatua kumi. Nikarudi kwenye kibao.

Kesho yake jiko lake halikuwashwa. Saa nne asubuhi tukasikia kilio.

Baada ya mazishi akaja binti yake, Ajak, chupa mkononi. Anti Phiona akashika meza kwa mikono miwili. Mimi nikawaza: sasa atauliza.

Kumbe alikuja kushukuru.

"Mama hakuwa amelala vizuri miaka minne," alisema. "Tulimkuta amejikunja kama mtoto, hata uso umelainika. Angalau siku ya mwisho dawa yenu ilimsaidia." Akaiweka chupa mezani. "Vimebaki. Mpeni mwenye shida."

"Pole, mwanangu. Mungu amempumzisha," alisema Anti Phiona, akamfungulia soda.

Ajak akanigeukia. "Mama alikupenda. Alisema wewe hujui kudanganya, kwa sababu huongei."

Nikamsindikiza mpaka mlangoni.

Alipoondoka, Anti Phiona aliifuta chupa kwa kitambaa, akairudisha kwenye rafu pamoja na nyingine. Alipotoka kwenda sokoni, niliichukua. Ninayo hapa ninapoandika. Ilikuwa na kapsuli thelathini, zimebaki ishirini na saba. Chupa nyingine bado ziko rafuni, na kesho duka litafunguliwa.

Mama Gai, shikamoo. Si ileile. Nimeijaza mwenyewe kwa mikono hii, na najua si ileile. Usimeze vitatu. Usimeze hata kimoja.