Ukuta Uliopinda

Dobi alikuwa na uchovu wa aina mbili. Wa kazi alilala nao usiku, na asubuhi ukawa umepungua. Wa barua haukulalika.

Barua ilikuja siku ile vijana wa manispaa walipofika na kopo la rangi, wakampigia alama nyekundu ukutani, pana kama mlango. Ilisema mwenye nyumba anapewa siku thelathini kuhalalisha jengo lake, la sivyo litavunjwa. Miaka ishirini na saba amelala humo, amezaa humo, mume amemzika kutokea humo, kumbe muda wote huo alikuwa haramu yeye na matofali yake.

"Hivi kuhalalisha ni kufanyaje?" alimuuliza Kinyozi, jirani yake, aliyekuwa anasubiri shati. Dobi alijua halali ya nyama na halali ya mume. Ya nyumba ndiyo kwanza aisikie.

"Ni kama pasi yako hiyo, dada. Shati ni lile lile, ila likishapita mikononi mwako linaruhusiwa kwenda harusini."

"Basi mimi nimehalalisha wahuni wengi mtaa huu. Shika la kwako, uhalalike."

Ofisini alikwenda mara nne. Mara ya kwanza alikosa fomu. Ya pili fomu ilikosa picha. Ya tatu mwenye muhuri alikuwa msibani, na Dobi hakuwa na moyo wa kumlaumu maiti. Ya nne karani alipekua, akasema panatakiwa ramani ya nyumba.

"Mwanangu, nyumba yenyewe si ipo? Njooni muione."

"Mama, ofisi haioni nyumba. Ofisi inaona karatasi."

Akamwendea Rula. Huyu alikuwa mtoto wa shemeji yake, mchoraji wa ramani, na jina hilo alipewa kwa sababu hata kwenye mazishi rula ilimchungulia mfukoni. Marehemu mume wa Dobi, aliyekuwa mwashi, ndiye aliyemlea. Rula alichora siku mbili. Dobi akatia sahihi mikono ikiwa bado na povu, hakuangalia; nani humkagua mtoto wake mwenyewe? Ofisi ikaipokea karatasi, ikamwambia asubiri mkaguzi.

Mkaguzi alikuja siku ya ishirini na tisa. Alikuwa binti mpole mwenye viatu vya vumbi, na utepe wa kupimia umening'inia shingoni. Alipima chumba, akapima ukumbi, kila kitu sawa. Alipofika ukuta wa jikoni akasimama, akatazama karatasi, akatazama ukuta.

Ukuta ule ulikuwa umepinda kama kiwiko. Marehemu alipochimba msingi alikutana na jiwe. Alivunja sururu mbili, jiwe likamtazama tu. Basi akauzungusha ukuta kando yake, na mpaka leo Dobi hufulia juu ya jiwe hilo.

"Mama, kwenye ramani ukuta huu umenyooka."

"Kwenye karatasi hata mimi ningenyooka, binti yangu."

Mkaguzi alicheka kidogo, kisha akaacha. "Mimi nahalalisha kilichochorwa. Hiki hakijachorwa. Ama ukuta ufuate ramani, ama ramani ifuate ukuta, na kesho ndiyo mwisho. Wavunjaji wameshapangiwa mtaa huu."

Dobi akakaa juu ya ndoo iliyogeuzwa, akamtuma Kinyozi amwite Rula.

Rula alifika anahema, akaelezwa, na jibu lake lilikuwa tayari. "Tunyooshe ukuta. Naleta mafundi wawili, kesho asubuhi kazi imekwisha."

"Ukuta uliobeba paa?"

"Tutaliegemeza, Mama mkubwa."

"Kwanza niambie, macho yako yalikuwa wapi ulipochora?"

Rula alitazama miguu yake. "Nililiona pindo. Nilikaa na ile karatasi kutwa nzima. Baba mkubwa ndiye aliyenifundisha kushika pimamaji. Mkono ulikataa kuandika serikalini kwamba alijenga upogo."

Dobi angekuwa na nguvu angemkaripia, lakini nguvu zote alikuwa amezimaliza kwenye foleni.

"Upogo," alisema. "Mwenzio alikuta jiwe, akazunguka. Wewe umepitisha ukuta katikati ya jiwe, maana kalamu haitoki jasho. Nani kati yenu alikosea?"

"Lakini jina langu liko pale chini. Wateja wakiona mstari kama ule..."

"Na mimi kesho nikilala nje, niwaoneshe wateja wako mstari upi?"

Mkaguzi akakohoa. Alisema yapo marekebisho ya mkono yanayokubalika, mradi mchoraji na mwenye nyumba watie sahihi pembeni, mbele yake, leo hii.

Rula akatoa rula. Akapima pindo, akaiweka juu ya karatasi, akaiondoa, akaiweka tena. Mstari wa kupinda haukubali rula, na yeye bila rula alikuwa kama mtu aliyevuliwa shati sokoni.

"Iweke chini, baba," Dobi alimwambia taratibu. "Chora ulichokiona."

Akakata mstari ule mzuri, akachora mwingine kwa mkono mtupu. Ulitetemeka, lakini vipimo alivirudia mara tatu, na mara ya tatu Mkaguzi alitikisa kichwa kukubali. Wakatia sahihi. Muhuri ukatolewa mkobani, ukapigwa juu ya goti.

"Haya mama. Nyumba imehalalishwa."

"Kuanzia lini?"

"Kuanzia leo."

"Na ile miaka ishirini na saba?"

Mkaguzi alifikiri kwa uaminifu kabisa, hata akafungua mkoba. "Hiyo," akasema, "hatuna fomu yake."

Akaaga, akaenda nyumba ya pili. Rula alibaki amesimama, kalamu mkononi, anamtazama mlezi wake.

"Mama mkubwa, mbona hufurahi?"

"Nimefurahi, baba." Dobi aliegemeza mgongo kwenye ukuta, akafumba macho. "Ngoja nipumzike kwanza, utaniona."